Saa nane, 14:05 au 11:05? Kugonga muhuri wa muda kwenye data za mitambo

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, mita nimeiunganisha, data nazisoma vizuri, ila saa haziendani. Nifanyeje?" Wa leo yuko kwenye pampu za maji Chamwino. Wa wiki iliyopita alikuwa kwenye kiwanda cha alizeti Singida, na kabla yake kijana aliyekuwa anapima joto la matangi ya mvinyo Hombolo. Jibu ni lile lile, hivyo nimeona niliandike lote mara moja: namna ya kugonga muhuri wa muda, yaani kuandika kila kipimo kimechukuliwa saa ngapi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, kwenye kiwanda kimoja cha kukamua alizeti hapa Dodoma, mota kubwa ya kikamulio ilikata ghafla. Mwendeshaji wa zamu, mama mmoja mwenye mwandiko safi kuliko wangu, akaandika kwenye daftari: "Saa 8:05 mota imekata." Skrini ya paneli ikaonyesha 14:05. Faili ambalo mfumo wangu ulimtumia mhasibu likasema 11:05. Mhasibu akalisoma kama Mswahili yeyote angelisoma: saa kumi na moja na dakika tano, jioni. Akaona mota ilikuwa inazunguka mpaka jioni, na yule mama aliizima kwenye karatasi saa tatu kabla ili apumzike. Mama wa watu akaitwa ofisini kujieleza.

Namba zote tatu zilikuwa za kweli. Ni dakika ile ile moja, imeandikwa kwa saa ya Kiswahili, kwa saa ya Afrika Mashariki ya tarakimu 24, na kwa saa ya dunia, yaani UTC. Mimi ndiye niliyeacha faili litoke bila kusema ni saa ipi. Ndiyo maana kwenye hatua ya 9 utaona nimekuwa mkali.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Laptop, waya wa kuingilia kwenye PLC (kompyuta inayoendesha mtambo) na getiwei (kifaa kinachosoma mita na kutuma data ofisini), na nywila za vyote. Mtafute aliyefunga mtambo kabla hujatoka nyumbani. Nimewahi kusafiri mpaka Kongwa nikarudi bila kugusa kitu kwa sababu ya nywila.
- Simu mbili: moja ya kuonyesha saa yenye sekunde (iliyowekwa ijirekebishe kwa mtandao), nyingine ya kupiga picha.
- Orodha ya kila kifaa chenye saa ndani yake: PLC, skrini ya paneli, mita ya umeme, mita ya maji, kirekodi joto, getiwei, seva, hata kamera za ulinzi.
- Betri mpya za CR2032, tano au sita.
- Getiwei inayotumia Linux. Kama yako ni ya aina nyingine, hatua ni zile zile, sehemu za kubonyeza ndizo zitakazotofautiana.
- Ruhusa ya msimamizi. Kubadili saa ya PLC inayoendesha mtambo kunaweza kuwasha au kuzima kitu kilichopangwa kwa ratiba. Usiguse pampu ikiwa kazini.

Nadharia kidogo tu

Kila kipimo kina nyakati tatu. Kuna wakati wa tukio, pale kontakta (swichi kubwa ya mota) ilipoachia. Kuna wakati wa kusomwa, pale getiwei ilipouliza na mita ikajibu. Na kuna wakati wa kufika, pale seva ya ofisini ilipopokea. Mtandao ukiwa mzuri, nyakati hizi zinapishana kwa sekunde. Laini ya simu ikikatika siku mbili, wa tatu unaachana na wenzake kwa siku mbili.

Grafu ichorwe kwa wakati wa tukio; ukikosekana, kwa wakati wa kusomwa. Wakati wa kufika hauchorwi kamwe, ingawa unahifadhiwa, na sababu nitaieleza.

Jingine: Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC, mwaka mzima. Hatuna habari ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi kama Ulaya. Hilo limetupunguzia nusu ya matatizo wanayolalamikia wenzetu. Nusu yetu wenyewe inatoka kwenye saa ya Kiswahili.

Hatua ya 1: Pima uongo wa kila saa

Usirekebishe chochote kwanza. Weka simu yenye saa kando ya skrini ya kila kifaa, upige picha zote mbili zikiwa ndani ya fremu moja. Andika kwenye jedwali: kifaa, saa yake, saa ya simu, tofauti. Kifaa kisicho na skrini kisome kwa laptop.

Jedwali hili lina kazi mbili. La kwanza, litakuonyesha tatizo kabla hujalitafuta: tofauti ya saa 3 kamili ni UTC, ya saa 6 kamili ni mtu aliyeweka saa ya Kiswahili, ya dakika nne na sekunde kadhaa ni saa iliyochoka. La pili, data za zamani zimepigwa muhuri kwa saa zile mbovu, na siku mkuu akitaka ripoti ya mwezi uliopita, jedwali hili ndilo litakalokuwezesha kuzisahihisha. Ukirekebisha saa bila kuandika tofauti, umeichoma hiyo njia.

Hatua ya 2: Chagua saa moja, wengine wote waifuate

Kwenye eneo lako getiwei iwe ndiyo mnadi wa saa. Yenyewe ipate saa kutoka intaneti kwa NTP (njia ya kulinganisha saa kupitia mtandao), kisha iwagawie PLC, skrini na kamera kwa mtandao wa ndani. Mimi natumia chrony, programu ya Linux ya kulinganisha saa. Kwenye faili lake la mipangilio weka:

pool tz.pool.ntp.org iburst
makestep 1 3
rtcsync
allow 192.168.10.0/24
local stratum 10

Badilisha anwani ya mstari wa nne iendane na mtandao wako. Mstari wa pili unaruhusu saa kurukishwa mara moja pale inapokuwa imepotoka kwa zaidi ya sekunde moja, ila kwenye masahihisho matatu ya mwanzo tu baada ya kuwasha. Baada ya hapo inasogezwa polepole, maana saa ikirudi nyuma ghafla katikati ya kazi utapata vipimo viwili vyenye muhuri mmoja. Mstari wa mwisho unaiambia getiwei iendelee kugawa saa hata intaneti ikikatika. Kuna wanaoupinga kwa hoja kwamba getiwei inaweza kugawa saa mbovu. Ni kweli. Lakini kwenye kituo kilicho porini, afadhali wote wakosee pamoja: tofauti kati ya valvu kufunga na presha kupanda itabaki sahihi, na kosa la jumla utalirekebisha kwa kujumlisha namba moja.

Hakikisha kwa amri ya chronyc tracking. Ikionyesha tofauti ya milisekunde chache au makumi kadhaa kwa laini ya simu, inatosha kabisa kwa maji, mafuta na mvinyo. Ikikaa bila kupata saa, angalia kama ukuta wa mtandao (firewall) umefunga mlango wa UDP namba 123, ambao NTP hupitia. Kwenye mitandao ya ofisi hilo ni la kawaida.

Kama eneo halina intaneti kabisa, nunua kipokezi cha GPS chenye kutoa NTP. Antena iione mbingu, si ndani ya kontena. Ukikuta kipokezi cha zamani kinatoa tarehe iliyo nyuma kwa wiki 1024, yaani karibu miaka 20, si wewe: hesabu ya wiki za GPS huanza upya kila baada ya wiki 1024, na mara ya mwisho ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019.

Hatua ya 3: UTC ndani, saa yetu kwenye kioo

Kila kinachohifadhiwa na kila kinachosafiri kiwe UTC. Kila kinachoangaliwa na binadamu kiwe saa ya Afrika Mashariki. Kwenye Linux, ukanda wa saa unaitwa Africa/Dar_es_Salaam; usitafute Dodoma, haimo kwenye orodha hata kama ndiyo makao makuu. Kwenye Windows, tafuta (UTC+03:00) Nairobi.

Wapo wanaosema hata skrini ya PLC iwekwe UTC. Mimi siweki. Mwendeshaji aliyeamshwa usiku na king'ora hana haja ya kufanya hesabu za kujumlisha tatu. PLC zenye saa mbili ndani, ya mfumo na ya eneo, zinamaliza ubishi. Yenye saa moja naiacha kwenye saa yetu, naandika kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mlango wa paneli "SAA HII NI UTC+3", halafu getiwei inapunguza saa tatu inaposoma.

Onyo: chagua moja tu. Nimekuta PLC imewekwa saa yetu, getiwei ikaambiwa ni UTC, seva ikajumlisha tatu, na ukurasa wa grafu ukajumlisha tatu nyingine. Pampu ikaonekana imefanya kazi kesho.

Hatua ya 4: Betri na joto

Umeme ukikatika, saa ya kifaa inabebwa na betri ndogo au kapasita. Kapasita huishia siku kadhaa, betri miaka kadhaa. Badilisha betri zote siku unayofunga mfumo na uandike tarehe kwenye plasta juu yake.

Raspberry Pi (kompyuta ndogo za bodi moja) za zamani, mpaka ya nne, hazina saa yenye betri. Hapo ndipo penye mtego ambao wageni hawauoni: badala ya kurudi 1970, huwaka na saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho. Umeme ukikatika saa 4 usiku na kurudi saa 11 alfajiri, Pi inaamka ikidhani bado ni saa 4 usiku. Tarehe inaonekana nzuri kabisa, na ndiyo ubaya wake, maana 1970 ungeigundua kwa jicho. Weka moduli ya saa ya DS3231. Pi 5 ina saa ndani, lakini betri yake unanunua mwenyewe na kuichomeka.

Kwa nini DS3231 na si ile ya bei nafuu zaidi? Joto. Kioo cha saa cha kawaida (kristali inayohesabu sekunde) kimetengenezwa kiwe sahihi kwenye nyuzi 25 hivi. Boksi la chuma lililopigwa jua la Oktoba huku kwetu linafika nyuzi 55 bila shida, na hapo kioo hicho hupoteza kama sekunde 2 na nusu kwa siku, zaidi ya dakika moja kwa mwezi. Na hata kwenye ubaridi hupoteza, hakikimbii. DS3231 hupima joto lake yenyewe na kujisahihisha. Kosa lake ni kama dakika moja kwa mwaka. Pia weka boksi upande usiopigwa jua la mchana. Hilo halina gharama.

Hatua ya 5: Amua nani anagonga muhuri

Hapa ndipo kazi ilipo, twende taratibu.

Mita nyingi utakazokutana nazo zinaongea Modbus, lugha ya vifaa vya viwandani. Modbus ilitolewa na Modicon mwaka 1979, na haikuwekewa mahali pa muda. Ukiuliza rejista (nafasi ya kuhifadhi namba ndani ya kifaa), unapewa namba tupu. Kwa hiyo getiwei ndiyo inayogonga muhuri, na sharti igonge pale pale jibu linaporudi. Makosa ya kawaida ni mawili. Kwanza, programu inasoma mita kumi na mbili moja baada ya nyingine, kisha inagonga muhuri mmoja mwishoni wakati wa kuhifadhi. Mita ya mwisho imeuliziwa sasa hivi, ya kwanza iliuliziwa sekunde nane zilizopita, zote zinadai kuwa za sekunde moja. Pili, programu inasoma, halafu inalala sekunde 10, inasoma tena. Kusoma kwenyewe kunachukua nusu sekunde, hivyo unasoma kila sekunde 10 na nusu, na baada ya saa moja umepungukiwa vipimo karibu 17. Programu isilale sekunde 10. Ilale mpaka sekunde ya 10 ijayo kwenye saa: 00, 10, 20.

Na uelewe kikomo chako. Ukisoma kila sekunde 10, tukio la sekunde 2 linaweza kupita katikati usilione, na hata ukiliona hujui lilianza lini. Kama unatafuta ni swichi ipi ilikata kwanza, getiwei haitakusaidia. PLC yenyewe ndiyo inase tukio, iandike saa yake kwenye rejista, na iliweke hapo mpaka getiwei iseme imelipokea. Muda huo ukiwa kwenye rejista mbili, zisome zote mbili kwa ombi moja. Ukizisoma kwa maombi mawili, iko siku ya pili itabadilika kabla hujaifikia.

Vifaa vya vituo vya umeme vinavyotumia lugha za IEC 60870-5-104 au DNP3 hutuma tukio likiwa na muda wake, mpaka milisekunde. Utumie huo, usiubadilishe. Ile ya 104 ina alama ya kusema "saa yangu si ya kuaminika". Watu wengi wanaitupa. Isome na uihifadhi. OPC UA, lugha nyingine ya viwandani, inakupa mihuri miwili, wa chanzo na wa seva. Chukua wa chanzo. MQTT ni mbeba mzigo tu, haina muda wake, hivyo muda uweke ndani ya ujumbe wenyewe.

Bado kuna swali la dakika za kwanza baada ya umeme kurudi, pale getiwei imewaka na haijapata saa. Usigonge muhuri wa uongo. Hifadhi kipimo pamoja na idadi ya sekunde tangu mashine iwake. Saa ikipatikana, piga hesabu ya kurudi nyuma: kama sasa ni sekunde ya 340 tangu kuwaka na saa sahihi ni 05:20:00, basi kipimo cha sekunde ya 40 kilikuwa cha 05:15:00. Huku kwetu umeme unakatika na kurudi wakati wa mvua za Desemba hadi Aprili, na dakika hizo ndizo zenye mambo: pampu zinawaka upya, presha inaruka.

Hatua ya 6: Andika muda kwa namna isiyo na ubishi

Namna mbili tu ndizo ninazokubali. Ya maandishi: 2025-03-14T11:05:00Z, ambapo Z ni UTC, au 2025-03-14T14:05:00+03:00. Ya namba: sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, ambayo kwa mota yetu ni 1741950300.

Hesabu tarakimu. Kumi ni sekunde, kumi na tatu ni milisekunde, kumi na tisa ni nanosekunde. InfluxDB (kanzidata ya vipimo vyenye muda), usipoiambia kitu, hudhani umetuma nanosekunde. Ukitumia 03/04/2025, sisi tunasoma tarehe 3 Aprili na Mmarekani aliyetengeneza kirekodi anasoma tarehe 4 Machi. Usiitumie hata kwa jina la faili.

Na kama kifaa kinahifadhi sekunde kwenye namba ya biti 32 yenye alama ya hasi, kitafika mwisho tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Unacheka, lakini paneli unayofunga leo inaweza kuwa bado ukutani siku hiyo.

Hatua ya 7: Mtandao utakatika, jipange

Getiwei iandike kila kipimo kwenye diski yake kwanza (kanzidata ndogo ya SQLite inatosha), ndipo itume. Seva ikijibu "nimepokea", ndipo rekodi iwekwe alama kuwa imetumwa. Laini ikirudi baada ya siku mbili, tuma kwa mafungu, kuanzia rekodi ya zamani zaidi, kila moja na muhuri wake wa asili.

Mambo mawili yatakayokuumiza hapa. Fungu linaweza kufika mara mbili kwa sababu jibu la seva lilipotea njiani. Seva iwe na sharti kwamba kifaa kimoja, kipimo kimoja na muhuri mmoja ni rekodi moja. La pili ni ving'ora vya jana. Msimamizi mmoja alipata ujumbe wa simu saa 9 usiku kwamba tangi linamwagika. Akavaa, akatoka na pikipiki, akafika, tangi liko nusu. Lilimwagika juzi, mtandao ndio uliorudi usiku ule. Tangu hapo king'ora changu kinaangalia umri wa kipimo kwanza. Kikizidi dakika 15, kinaandikwa kwenye orodha, hakimwamshi mtu.

Hatua ya 8: Safu mbili za muda kwenye kanzidata

Weka safu ya muda_wa_tukio, safu ya muda_wa_kufika, na safu ya ubora yenye kusema nani amegonga muhuri: PLC, getiwei, au umekokotolewa baadaye. Kwa PostgreSQL tumia aina ya timestamptz. Ile isiyo na ukanda wa saa itakugeuka siku seva ikihamishwa. Safu ya muda_wa_kufika ndiyo daktari wako. Tofauti yake na muda_wa_tukio ikiongezeka taratibu siku hadi siku, saa ya kifaa inachelewa. Ikiwa hasi, yaani data imefika kabla haijatokea, saa ya kifaa inakimbia.

Hatua ya 9: Ripoti kwa Waswahili

Ripoti ndiyo inayosomwa na mhasibu, bosi na mwendeshaji. Basi:

Kwenye kichwa cha safu andika "Saa (Afrika Mashariki, tarakimu 24)". Ukiweza, ongeza safu ya pili yenye saa ya Kiswahili kwa maneno: "saa 8:05 mchana". Hesabu yake ni kutoa 6, na jibu likiwa sifuri au hasi jumlisha 12, likizidi 12 toa 12. Neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku ni lazima, maana saa 2 ziko mbili kwa siku. Safu hii iishie kwenye ripoti. Ikiingia kwenye kanzidata, umekwisha.

Daftari la zamu nalo lichapwe upya, liwe na nafasi mbili, ya saa ya Kiswahili na ya saa iliyo kwenye skrini. Mwendeshaji anakili tu anachokiona. Usimwambie aache saa ya Kiswahili. Ndiyo anayoongea na wenzake, na saa 3 usiku akiwa amechoka ndiyo atakayoiandika.

Halafu siku. Ukiambia kanzidata ijumlishe kwa siku bila kutaja ukanda, inakata siku saa 6 usiku ya UTC, ambayo kwetu ni saa 9 usiku. Zamu ya usiku inakatwa vipande viwili pasipo mwenyewe kujua. Na zamu ya saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni ya siku gani? Msimamizi mmoja atasema "Ijumaa usiku", mwingine "usiku wa kuamkia Jumamosi", na wote wanasema usiku ule ule. Kaa nao, mkubaliane kwa maandishi. Mimi naiita zamu kwa tarehe iliyoanzia, lakini sigombani na atakayetaka vingine mradi isibadilike katikati ya mwezi.

Hatua ya 10: Jaribu kabla hujaondoka

Zima swichi moja isiyo na madhara ukiangalia simu, kisha tafuta tukio hilo kwenye seva: tofauti isizidi muda wa mzunguko wako wa kusoma. Chomoa antena dakika 15, rudisha, uone kama pengo linajazwa. Zima kila kitu usiku mzima bila intaneti, washa asubuhi intaneti ikiwa bado imechomolewa, angalia saa. Jaribio hili la mwisho watu hulikwepa kwa sababu linadai kulala kituoni, hata kama ni Bahi. Lala Bahi.

Ikikataa

*Imepishana saa 3 kamili.* UTC na saa yetu vimechanganywa mahali fulani. Fuata kipimo kimoja kutoka kifaa hadi kioo, hatua moja moja, ukiandika namba inayoonekana kila hatua. Usianze kubahatisha kwa kujumlisha tatu mwishoni.

*Imepishana saa 6 kamili.* Mtu aliambiwa aweke saa, ilikuwa saa mbili asubuhi, akaandika 02:00. Rekebisha, usimcheke.

*Tarehe ni 1 Januari 1970, saa 03:00.* Kifaa hakina saa kabisa na kinaanza sifuri. Hiyo 03 ni saa tatu zetu juu ya UTC. Betri. Ikisomeka 03:00:01 na data zote zimejazana hapo, umetuma sekunde mahali panapotaka nanosekunde.

*Tarehe ni 21 Januari 1970.* Sekunde zimesomwa kama milisekunde. Ukiona mwaka wa elfu hamsini na saba na kitu, ni kinyume chake.

*Tarehe ni 7 Februari 1977.* Siku mbili baada ya CCM kuzaliwa! Nilikaa nayo nusu siku. Rejista mbili za Modbus zimesomwa kwa mpangilio uliogeuzwa: 1741950300 ni 26580 na 3420, ukianza na 3420 unapata 224159700, na hiyo ndiyo Februari 1977. Tarehe yako itatofautiana na yangu, lakini ukiona mwaka wa ajabu unaorukaruka kila baada ya sekunde chache, geuza mpangilio wa rejista.

*Data zote za siku mbili ziko ndani ya dakika moja.* Seva inagonga muhuri wa kufika. Rudi hatua ya 7. Ukitumia InfluxDB, rekodi isiyo na muhuri hupewa saa ya seva kimyakimya.

*Idadi ya rekodi ni ndogo kuliko uliyotuma.* InfluxDB hufuta ya kwanza ikija nyingine ya kifaa kile kile yenye muhuri ule ule. Umekata muhuri mpaka sekunde nzima ilhali unasoma mara kadhaa kwa sekunde, au mita mbili zina jina moja.

*Kila kitu ni sawa mpaka tarehe 12, kuanzia tarehe 13 rekodi zinakataliwa.* Siku na mwezi vimebadilishana nafasi. Zile ulizodhani ni sawa nazo si sawa.

*Grafu ni nzuri kwako, kwa bosi aliye safarini imesogea.* Grafana, programu ya kuchora grafu, huonyesha kwa ukanda wa kompyuta ya mtazamaji. Ifunge kwenye Africa/Dar_es_Salaam.

*Faili lilikuwa sahihi, likafunguliwa kwa Excel likaharibika.* Excel imebadilisha tarehe na kuhifadhi. Mpe mtu nakala, faili la asili liwe la kusoma tu.

Ukikwama bado, nitumie picha za hatua ya 1, mistari mitano ya data mbichi kama ilivyotoka kwenye getiwei, na majibu ya chronyc tracking. Andika pia tatizo lilianza saa ngapi, na ukisema saa mbili, sema ya asubuhi au ya usiku.